Mgeni akija Naitiri, tumtembeze wapi?

Mwezi wa Aprili nilikuwa Mombasa kwa shughuli za kitaaluma, na asubuhi moja isiyokuwa na kikao nikajiunga na wageni wachache waliokuwa wakitembezwa Mji wa Kale. Aliyetuongoza alikuwa mzee wa makamo, mzaliwa wa Kibokoni, mwenye sauti ya kukokota na miguu isiyojua kuchoka. Alituanzia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo serikali ya kikoloni iliifanya gereza hadi 1958. Kutoka hapo tukaingia Ndia Kuu, tukapita chini ya roshani za mbao, tukasimama mbele ya milango ya nakshi na kuutazama mnara wa msikiti wa Mandhry.

Wenzangu walipiga picha milango. Mimi, kwa sababu ya kazi inayonilisha, nilishikwa na jina la barabara. Nikamwuliza mzee kwa nini ni Ndia wala si Njia.

"Mwalimu," akanijibu huku akicheka, "hapa ni Mvita. Hiyo njia ni ya vitabuni kwenu."

Naomba msomaji anivumilie kidogo, maana jibu hilo fupi lina historia ndefu. Katika Kimvita, palipo na nj katika Kiswahili sanifu aghalabu husikika nd: njia ni ndia, njaa ni ndaa. Vivyo hivyo macho ni mato, na nchi ni nti. Lahaja hii ndiyo aliyoishi nayo Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882 imeisheheni. Kisha mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, ikakatwa shauri kwamba msingi wa Kiswahili sanifu uwe Kiunguja. Kwa hiyo lahaja ya wenyeji ilishindwa ikiwa nyumbani kwake, na toka hapo mtoto wa Mvita akawa anakosolewa darasani kwa kusema alivyosema mama yake. Ila barabara haikusahihishwa. Ndia Kuu imebaki ndia, na kila mgeni ailipiaye ada ya kutembezwa huitamka lahaja hiyo bila kujua.

Tulipokuwa tukinywa kahawa chungu mwisho wa safari, yule mzee akanigeuzia swali. "Na kwenu, mwalimu? Mgeni akija mnamtembeza wapi?"

Nikamwambia kwamba kwetu ni Naitiri, upande wa Tongaren, katika Bungoma. Na kwamba kule ni mashamba ya mahindi tu, hapana cha kuona.

"Basi hapakuwa na watu?" akauliza.

Swali hilo lilinipanda rohoni, likapanda nami basi la usiku, na hadi nilipoteremka alfajiri nilikuwa bado sijalipatia jibu lisilonifedhehesha. Kwa maana watu walikuwapo, tena wengi. Karibu na Webuye, mji ambao zamani uliitwa Broderick Falls, pana mahali pa Chetambe ambapo Wabukusu walijizatiti nyuma ya maboma yao mwaka 1895 wakapigana na jeshi lililoletwa na Hobley. Upande wa Kitale nako Wazungu walijigawia ardhi, hasa baada ya vita vyote viwili vya dunia, ambapo maofisa waliostaafu jeshini walipewa mashamba. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Mahali panapoitwa Moi's Bridge leo paliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi aliyekuwa mwindaji. Na hapa petu Tongaren tuna soko liitwalo Brigadia. Nimekua nikilisikia jina hilo, nimelitaja mara elfu nikienda kununua chumvi, wala sikuwahi kujiuliza cheo cha kijeshi kinafanya nini katikati ya mahindi.

Tukiyafuata maneno, hata umbali kati ya Naitiri na Mji wa Kale unapungua. Chukua neno mnyapara. Katika karne ya 19 lilikuwa cheo cha kiongozi wa msafara, nalo lilitokana na Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi pwani. Posho ilikuwa chakula alichopimiwa mpagazi wa misafara hiyo. Misafara ilipokufa, maneno hayo hayakufa nayo. Yalihamia katika mashamba ya walowezi. Mnyapara akawa msimamizi wa vibarua, posho ikawa unga wa kupimiwa. Hapo likaongezeka kipande, yaani cheti ambacho Mwafrika mwanamume alilazimishwa kutembea nacho tangu mwaka 1920 hivi, kikiwa ndani ya kibweta cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Babu zetu waliyajua maneno hayo matatu kabla ya kujua Kiswahili kingine chochote. Kwao hiyo haikuwa lugha ya utenzi, ilikuwa lugha ya kuamrishwa.

Halafu likaja neno la nne. Mwaka 1962 ulianza mpango wa ekari milioni moja, ambapo mashamba ya walowezi yalinunuliwa na kukatwakatwa ili Waafrika wauziwe kwa mkopo. Skimu. Katika vinywa vya Wabukusu neno hilo lilipata irabu likawa sikimu, na kwa kuwa si- ndicho kiambishi chetu cha umoja katika ngeli ya sitabu na bitabu, nimewahi kumsikia mama mmoja sokoni akisema bikimu. Nilicheka, kisha nikaandika. Jamaa zetu walihamia hapa wakiwa na namba za mashamba mkononi, na hadi leo mtu mzima wa Naitiri akiulizwa kwao ni wapi huenda akataja namba.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwendea ofisa mmoja aliyehusika na utalii, nikamweleza kwamba tungeweza kutembeza watu hapa. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama kuna jengo. Nikamwambia yapo magofu ya banda la kukamulia maziwa na safu ya mikalitusi iliyopandwa kuelekea nyumba isiyokuwapo tena. Akafunga faili. Simlaumu sana. Nchi nzima imezoea kudhani kwamba historia ni mawe, na ya pwani ndiyo mawe. Hata Kitale, iliyo na jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1974 kutokana na hazina aliyoiacha Kanali Hugh Stoneham, mgeni huonyeshwa vipepeo na nyumba za kienyeji, akashukuru, akaondoka bila kuambiwa ni mguu wa nani uliotangulia kukanyaga pale alipoegesha gari lake. Sisemi vipepeo si kitu. Nilipelekwa kuvitazama nikiwa darasa la sita na sijavisahau. Nasema tu kwamba haitoshi.

Lililonisumbua zaidi si yule ofisa. Ni mzee mmoja jirani yetu, ambaye nilimwita kuka kama wanavyoitwa wababu wote kwetu, aliyekuwa dereva wa trekta katika shamba la Mzungu kabla ya uhuru. Siku moja alinichukua kwa miguu kutoka kwenye kisima hadi kwenye mikalitusi, na kila baada ya hatua hamsini alisimama kutaja jina. Hapa paliitwa hivi kwa sababu ng'ombe walioga dawa. Pale paliitwa vile kwa sababu mnyapara fulani aliangushwa na punda, na vibarua wakacheka hadi wakakatwa mshahara. Kona ile ilikuwa ya wanawake waliookota masuke usiku. Nilinasa dakika arobaini katika kanda, betri zikaisha. Nikamwambia, "Kuka, nitarudi Agosti." Akasema, "Utanikuta." Agosti nilikwenda kongamano ng'ambo, kusoma makala juu ya lugha zilizo hatarini kutoweka. Sikumkuta.

Katika kanda ile yamo majina 23. Mbele ya banda la maziwa anasema yapo mengine mengi, twende polepole.

Ndiyo maana mwaka huu sikungoja ofisi wala jengo. Nimekaa na wanafunzi wangu watatu wanaotoka maeneo haya, tukachora ramani ya majina hayo 23, na tunawauliza wazee waliosalia na vilevile wajane wao, maana wanawake wanakumbuka njia za kuni na za mto ambazo madereva wa trekta hawakuzijua. Tumepatana mambo machache. Mwongozaji awe mkazi wa hapo hapo, alipwe, na asitafsiriwe na msomi anayemkatiza kila dakika. Mimi nitatembea nyuma. Aeleze kwa Kibukusu au kwa Kiswahili chake, hata kama ni kile cha mnyapara, kwa kuwa tukikisafisha tutakuwa tumefuta nusu ya habari. Na asilazimishwe kuchagua kati ya Mzungu mkatili na babu shujaa. Yule kuka alimchukia mwajiri wake na alilipenda trekta lake, akayasema yote mawili katika pumzi moja.

Matembezi ya kwanza yatakuwa Jumamosi ya pili ya Desemba, watu wakisharudi kwa likizo na mahindi yakiwa yamevunwa, ili mipaka ionekane. Tutakutana sokoni saa mbili asubuhi. Atakayetuongoza ni binti wa yule kuka, mama wa miaka 60 na ushei, ambaye amenionya kwamba baba yake alikosea majina mawili na kwamba atanisahihisha hapo hapo mbele ya wanafunzi wangu. Yule mzee wa Kibokoni nimempelekea nauli.