Habari za Mwanzo wa Kilwa: Maandishi, Lugha na Ardhi

Msafiri avukaye kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, awe mgeni wa nchi za mbali au mwanafunzi wa Lindi, huonyeshwa Msikiti Mkuu, Gereza na magofu ya Husuni Kubwa. Kisha aghalabu husimuliwa kwamba mji huo ulijengwa na Washirazi. Tangu mwaka 1981, magofu hayo pamoja na ya Songo Mnara yalipotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, usimulizi huo umepata wasikilizaji wengi. Yafaa basi tuupime, kwani mtu aambiwaye kuwa mji wa wazee wake ulianzishwa na wengine hujiona mpangaji katika nyumba yake mwenyewe.

Chimbuko la usimulizi ni habari za Kilwa zilizotungwa katika karne ya 16. Zimetufikia kwa njia mbili: kwa Kireno, katika kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552, na kwa Kiarabu, katika nakala iliyoandikwa Unguja mwaka 1877 na kuhifadhiwa London. Nakala ya Kiarabu yasema kwamba merikebu saba zilitoka Shirazi, na moja ikafika Kilwa. Lakini haisemi kwamba kisiwa kilikuwa kitupu. Wageni walimkuta Mwislamu mmoja na jamaa zake, aitwaye Muriri wa Bari. Na kisiwa kilikuwa na mtawala wake, aliyekiuza kwa nguo za kukizunguka chote. Hapana biashara pasipo mwenye mali: habari zilezile zinazomtukuza mgeni zamshuhudia pia mwenyeji.

Lugha nayo ina neno la kusema. Katika Kiarabu cha mtungaji limo jina la lakabu Nguo Nyingi, ambalo upatanisho wake wa kisarufi ni wa Kibantu halisi. Na *wa* katika jina la Muriri wa Bari yaelekea kuwa kiunganishi chetu cha kawaida. Hata hivyo hatuna budi kujihadhari. Majina hayo yatuonyesha Kiswahili kilivyosemwa katika zama za mtungaji na wanakili wake. Hayawezi peke yake kuthibitisha lugha ya siku ile merikebu ilipotia nanga.

Kwa hiyo twageukia ardhi. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alikuta chini ya majengo ya mawe tabaka za makazi ya miti na udongo, vyungu vya kienyeji na dalili za ufuaji chuma, zinazofika karne ya 9 hivi. Chittick aliweka enzi ya Ali bin al-Hasan, ambaye jina lake limo katika sarafu, mwishoni mwa karne ya 12. Lakini hazina iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, imeirudisha hadi karne ya 11. Hata hivyo, kijiji kilitangulia ufalme.

Je, Shirazi ni uzushi mtupu? La. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa chembe za urithi za watu waliozikwa katika miji ya pwani, Kilwa ikiwamo. Ulionyesha kwamba tangu mwaka 1000 hivi ukoo wa Kiafrika, hasa wa upande wa mama, ulichanganyika na ukoo wa Kiajemi wa upande wa baba. Habari za kale zilihifadhi kumbukumbu ya kweli, ila zilihesabu nasaba kwa baba tu.

Basi ifaayo kusimuliwa kwa wageni ni hii: Kilwa ilianzishwa na watu wa pwani hii, ikapokea wakwe kutoka ng'ambo, nao wakwe wakawa wenyeji. Kusema hivyo hakumpunguzii Mshirazi heshima yake. Kwamrudishia mama jina lake.