Kuelekea Tibirinzi: mwendo wa pole nao huangusha

Kila inapofika Skukuu, jioni za Chake Chake huelekea Tibirinzi. Watoto waliovaa nguo mpya hupelekwa kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto, na familia nyingi huenda kwa vespa au honda: mtoto mdogo amesimama mbele, baba kwenye usukani, mkubwa katikati, mama nyuma amekaa upande. Karibu na kiwanja watu ni wengi, na chombo hakizidi mwendo wa mtu anayetembea. Hapo wazazi wengi hudhani hatari imekwisha.

Mfikirie baba aliyeendesha vespa miaka 20 bila ya kuanguka. Anatafuta pahala pa kuegesha, anakunja usukani, mara mtoto wa mtu anakatiza mbele. Anabana breki ya mbele. Vespa inalala chini na wote waliomo, watu wanatazama. Anainuka haraka, anapangusa kanzu, anacheka, anasema "hamna kitu", na safari inaendelea. Kilichomuuma zaidi ni aibu, na aibu hiyo ndiyo inayomfanya asimtazame vizuri mtoto aliyegonga kichwa.

Uzoefu wake haukumsaidia kwa sababu chombo cha magurudumu mawili hujisimamisha chenyewe kikiwa katika mwendo. Kikipungua sana, kazi ya kukisimamisha huwa ya dereva. Ukibana breki ya mbele huku usukani umekunjwa, uzito wote hutupwa upande mmoja. Ukiwa na abiria watatu, mguu mmoja hautoshi kuuzuia, hasa penye mchanga, udongo mwekundu uliorowa au mteremko, na Pemba yetu ni ya vilima.

Utafiti mkubwa uliofanywa Los Angeles, Marekani, na kutolewa mwaka 1981 ulichunguza ajali 900 za pikipiki. Katika nusu ya ajali hizo, mwendo wakati wa kugonga haukuzidi takriban kilomita 35 kwa saa. Ajali nyingi zilitokea katika safari fupi za dukani, za kutembeleana na za matembezi, muda mfupi tu baada ya kuondoka. Kwa hiyo "naenda hapa hapa tu" si sababu ya kuacha kofia ngumu nyumbani.

Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionesha kuwa kofia ngumu hupunguza majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69 na vifo kwa karibu asilimia 42. Nayo takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonesha kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mtoto anahitaji kofia ya saizi yake, iliyofungwa mkanda chini ya kidevu. Ya baba huchomoka kichwani kabla ya kumsaidia.

Kwa mzazi anayeendesha, mambo haya yanasaidia:

- Penye watu, tumia breki ya nyuma kwa upole, na unyooshe usukani kabla ya kusimama.
- Tazama unakokwenda, si gurudumu la mbele.
- Washushe abiria kwanza, pahala tambarare, ndipo uegeshe au ugeuze chombo.
- Mtoto asikae wala kusimama mbele ya dereva. Chombo kikilala, yeye hubanwa na usukani.
- Kama miguu yake haifiki pa kukanyagia, bado hajafikia kupanda. Mguu unaoning'inia huingia kwenye spoki.
- Mama akusanye buibui au kanga vizuri, mbali na gurudumu na mnyororo.
- Mtoto ashukie upande usio na bomba la moshi.

Bomba hilo huunguza hata chombo kikiwa kimesimama. Mtoto akiungua, mimina maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, asali wala mafuta. Kama ngozi imetoka au malengelenge ni makubwa, mpeleke hospitali.

Kwa kichwa, usitegemee kwamba mtoto ameinuka na kukimbilia bembea. Mchunguze kwa siku mbili. Akitapika mara kwa mara, akipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, akiwa mzito kuamka, akiumwa na kichwa kinachozidi, akitoka maji au damu masikioni au puani, akipata degedege, au mboni za macho zikitofautiana ukubwa, apelekwe hospitali mara moja. Waeleze wahudumu ukweli: aligonga kichwa saa ngapi, alianguka kutoka wapi, alikuwa na kofia au hana. Mzazi anayeona haya na kusema "alijikwaa" humchelewesha daktari.

Kuchelewa huko kuna gharama kubwa zaidi kwa watu wa Pemba. Jeraha la ubongo linalohitaji upasuaji wa kitaalamu linaweza kumlazimu mgonjwa kuvuka bahari hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na kila saa iliyopotea nyumbani ni saa iliyopotea kabla ya safari hiyo.

Familia ikiwa kubwa kuliko kiti, baba anaweza kwenda safari mbili, au wote wapande daladala. Viwanja vya Skukuu hufunguliwa siku kadhaa. Watoto wakifika wakiwa wamechelewa nusu saa, bembea bado zitakuwepo.