Kuchagua Nyasi Kavu za Sungura kwa Mfugaji Mwenye Mzio

Kuna wafugaji wa sungura ambao kila wakifungua robota la nyasi kavu hupiga chafya mfululizo, macho huwasha na kifua hubana. Wengine huamua kuuza sungura. Wengine huacha kuwapa nyasi na kuwalisha chakula cha vidonge pekee. Hatua zote mbili huleta hasara, na mara nyingi zinaweza kuepukika kwa kuchagua nyasi vizuri na kubadilisha namna ya kuzishika.

Kwa nini nyasi zisiachwe

Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na huyapunguza kwa kutafuna nyasi ndefu. Nyuzinyuzi za nyasi pia husaidia chakula kusonga tumboni. Sungura anayekosa nyasi huweza kuota meno marefu kupita kiasi, kufura tumbo, kukataa kula na hatimaye kufa. Ndiyo maana nyasi kavu zinafaa kuwa mbele yake mchana na usiku.

Mzio hutoka wapi

Ndani ya robota kuna mambo matatu yanayoweza kumsumbua mtu: chavua, yaani unga laini wa maua ya nyasi, vumbi, na kuvu. Nyasi zilizokatwa zikiwa zimechanua hubeba chavua nyingi. Zile zilizofungwa kabla ya kukauka hupata joto ndani na kuota kuvu. Vumbi la kuvu likivutwa mara kwa mara linaweza kudhuru mapafu, na nyasi hizo humdhuru sungura pia.

Hata hivyo, si kila chafya hutoka kwenye nyasi. Kuna watu wanaosumbuliwa na manyoya, mate au mkojo wa sungura. Mfugaji achunguze: dalili huanza anapofungua robota akiwa mbali na kizimba, au anapomshika sungura? Ikiwa ni sungura mwenyewe, kubadilisha nyasi pekee hakutatosha.

Kabla ya kununua

• Uliza nyasi zilikatwa lini. Nyasi za Boma Rhodes, zinazouzwa sehemu nyingi nchini, hufaa zikikatwa zinapoanza tu kutoa maua. Epuka marobota yaliyojaa masuke.

• Tazama rangi na unuse. Nyasi nzuri zina ukijani na harufu tamu. Zenye madoa meusi, unga mweupe au uvundo zisinunuliwe hata kama bei ni nafuu.

• Chomoa nyasi kutoka katikati ya robota na uzikung'ute juani. Wingu la vumbi likipanda, tafuta kwingine. Mwenye mzio amwombe mtu mwingine amfanyie kazi hii.

• Usitegemee lusani pekee. Kwa kuwa lusani ni jamii ya kunde, wapo wenye mzio wa nyasi wanaoivumilia. Lakini majani yake makavu huvunjika na kutoa vumbi. Pia ina protini na kalsiamu nyingi: huwafaa sungura wachanga wanaokua na wanaonyonyesha, ila si chakula kikuu cha sungura mkubwa.

• Usidhani nyasi za kutoka nje ni dawa. Nyasi za timothi husifiwa sana Ulaya na Marekani, ilhali chavua yake ni miongoni mwa zinazoleta mzio zaidi huko.

• Nunua robota moja kwanza. Likikufaa, rudi kwa muuzaji huyo huyo.

Namna ya kushika na kuhifadhi

Fungua robota nje, upepo ukikutokea mgongoni ili vumbi liende mbele. Vaa barakoa inayobana vizuri, glavu na nguo ya mikono mirefu. Ukimaliza, nawa mikono na uso, na ubadilishe nguo kabla ya kuingia nyumbani. Weka nyasi kwenye kihori badala ya kuzitandaza sakafuni. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia banda. Hifadhi marobota juu ya mbao, mahali pakavu penye hewa, mbali na vyumba vya kulala. Inapowezekana, mtu mwingine nyumbani achukue zamu ya kulisha.

Wakati wa kumwona daktari

Dalili zinazorudi kila mara zinahitaji uchunguzi katika kituo cha afya. Mwenye pumu asijaribu nyasi mpya bila kwanza kuzungumza na mhudumu wa afya. Anayepumua kwa shida, kifua kikitoa mlio, au anayevimba midomo au uso, apelekwe hospitalini mara moja.

Kwa ushauri kuhusu lishe ya sungura, mfugaji anaweza kumwona afisa wa mifugo katika wadi yake. Ni vyema aulize kabla ya kuwauza sungura au kubadilisha chakula chao ghafla.