Maji Yanapoondoka: Somo la Pwani kwa Watu wa Lualaba

Mwaka 1915 treni ilishusha mashua mbili za kivita za Waingereza, Mimi na Toutou, pale Fungurume, mwisho wa reli ya siku zile. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Zikavutwa kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya Wakongomani kuvuka milima ya Mitumba, zikafuata Lualaba, zikafika Ziwa Tanganyika. Mwezi Julai mwaka huohuo, kule pwani, manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa bado imejificha katika delta ya Rufiji. Kwa miezi mingi meli kubwa za Waingereza zilishindwa kuifuata, kwa sababu mifereji ile ya mikoko haikuwa na maji ya kuzibeba. Ikabidi ziletwe Severn na Mersey, manowari bapa zilizozama majini chini ya mita mbili tu, na tarehe 11 Julai kazi ikaisha.

Mashua za Fungurume ziliingia kwenye maji ambayo usawa wake hubadilika kwa mvua. Ndivyo tunavyoyajua maji sisi wa Kolwezi: Ziwa Nzilo hushuka kiangazi na kupanda masika, kadiri bwawa linavyoachia. Jiwe uliloliona Jumatatu, Jumanne lipo palepale. Pwani ya Rufiji, Kilwa au Unguja si hivyo. Jiwe la asubuhi, alasiri limezama kiasi cha kupitisha chombo juu yake. Wengi wetu siku hizi hufika Dar es Salaam pamoja na malori ya shaba, na baadhi hutamani kupanda ngalawa wakaione pwani. Kwao naandika.

Anayevuta maji hasa ni mwezi. Jua nalo huvuta, lakini nguvu yake haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, wawili hao huvuta kwa pamoja, na baada ya siku moja au mbili huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, nguvu zao hupishana, ndiyo maji mafu. Unguja, wakati wa bamvua kubwa, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, urefu unaopita kuta za nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa. Kutoka jaa moja hadi jingine ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Kwa hesabu ya saa za Waswahili, bamvua ya Unguja hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Mvuvi akiutazama mwezi anajua kesho ataondoka saa ngapi.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote cha kupanda mafungu 12: saa ya kwanza fungu moja, ya pili mawili, ya tatu na ya nne matatu matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Yakipanda mita 3.6, basi katika saa ya tatu peke yake hupanda sentimita 90. Hapo ndipo mkondo katika hori na milango ya mwamba huwa mkali, na tanga dogo katika upepo dhaifu haliuwezi.

Ngalawa imeumbwa kwa maji ya namna hii. Ni gogo lililochongwa, lenye mirengu pande mbili na tanga la pembe tatu, na huelea penye maji ya magotini. Hata hivyo ina kanuni zake. Ingia mahali usipopajua maji yakijaa. Ukikwama, dakika chache baadaye yatakuinua. Pita kwenye mwamba jua likiwa juu na nyuma yako: buluu nzito ni kina, kijani cheupe ni mchanga, hudhurungi ni matumbawe au majani ya bahari, basi shika upondo. Maji yakipwa dhidi ya kusi linalovuma, mawimbi husimama mafupi na makali, subiri yageuke.

Kosa ninaloliogopa kuliko dhoruba ni dogo kwa sura. Mgeni hufika ufukweni kilele cha bamvua, akakiacha chombo juu kabisa ya mchanga, akafurahi kwamba hakifikiwi na wimbi. Kesho yake maji hayafiki tena pale, wala keshokutwa. Amepwelewa, na asipopata watu wa kukisukuma, huenda akangoja wiki mbili hadi bamvua nyingine. Mwamba wa matumbawe nao hauna huruma: ni mkali kama chupa iliyovunjika, na chombo kinachoukalia maji yakipwa hutoboka kwa uzito wake chenyewe.

Kwa hiyo, ndugu msafiri, ukifika pwani usianze na bei ya ngalawa. Muulize nahodha mwezi una siku ngapi na maji yatapwa saa ngapi. Asipokujibu papo hapo, tafuta nahodha mwingine.