Ndege wa nyumbani: tuwajue pamoja na watoto wetu

Wamama wapenzi, kila asubuhi hapa Kalemie, kabla hujawasha mbabula, ndege wamekwisha kuamka. Wanaimba juu ya mwembe, wanaokota vipande vya bukari vilivyoanguka jana usiku, wanakunywa maji kwenye beseni uliloacha nje. Tunaishi nao lupango moja. Lakini ukimwuliza mtoto wa darasa la tano jina la ndege anayemwona kila siku, mara nyingi atakujibu: "Ni ndege tu." Mimi mwalimu nasikia jibu hilo kila mwaka. Mtoto huyohuyo anajua majina ya wachezaji wote wa timu ya mpira ya Ulaya.

Labda utasema: ndege watanisaidia nini, na mimi natafuta unga na pesa za shule? Kuna sababu tatu. Ya kwanza ni kuku wako: ukimjua anayeiba vifaranga, utajua namna ya kuwalinda. Ya pili ni mtoto wako: anayejifunza kutazama vizuri ndege atajifunza kutazama vizuri herufi na hesabu, na kazi hii haiombi hata franga moja. Ya tatu ni nzito zaidi. Kuna ndege mmoja ambaye kwa sababu hatumjui, watu wanagombana na wazee wetu wanaonewa. Tutafika kwake.

Maswali matano ya kumtambua ndege

Usianze na jina. Mfundishe mtoto kwanza kujiuliza maswali haya.

Moja, ukubwa wake: ni kama shomoro, kama njiwa, ama kama kuku? Mbili, rangi: iko wapi? Kusema "mweusi na mweupe" haitoshi. Weupe uko kifuani, shingoni, ama mkiani? Tatu, mdomo. Mdomo mfupi na mnene ni wa kuvunja mbegu, mdomo mwembamba ni wa kukamata wadudu, mdomo uliopinda kama ndoano ni wa kurarua nyama. Mdomo unakuambia chakula chake, kama vile sufuria inavyokuambia kinachopikwa. Nne, mwendo: anaruka-ruka kwa miguu miwili, ama anatembea hatua kwa hatua kama sisi? Tano, sauti: anafanana na nani akilia?

Mtoto akiweza kujibu maswali matatu kati ya hayo, amekwisha kumjua ndege, hata kama jina bado.

Wale walio karibu na mlango

Shomoro ni yule mdogo, kichwa cha kijivu, mgongo na mabawa ya rangi ya udongo mwekundu. Anaingia mpaka chini ya mabati kujenga kiota chake. Mdomo wake ni mfupi na mnene, kwa hiyo unajua kwamba anapenda mbegu: mchele unaopepeta, mtama, mahindi yaliyosagika.

Mtikisa mkia ni mweusi na mweupe, mwembamba, na juu ya jicho ana mstari mweupe kama nyusi. Hawezi kusimama bila kupandisha na kushusha mkia wake. Anatembea hatua kwa hatua, haruki-ruki. Utamwona bandarini, kando ya mto Lukuga na hata mahali unapofulia nguo. Anakula nzi na wadudu wadogo. Huyo ni rafiki wa kila mama, asifukuzwe.

Shore ana kichwa cheusi chenye nywele zilizosimama kidogo, mwili wa rangi ya majivu na kahawia, na chini ya mkia ana manjano. Ukiona hayo manjano, usitafute zaidi: ni yeye. Anapenda mapapai yaliyoiva, na ni kati ya wale wanaoanza kuimba kabla jua halijatoka.

Njiwa wa porini wanaokuja nyumbani ni wa aina zaidi ya moja. Mkubwa ana jicho jekundu na nusu ya kola nyeusi nyuma ya shingo. Mdogo hana kola hiyo, ana madoa-madoa kifuani, na sauti yake ni kama mtu anayecheka polepole. Jambo moja litawafurahisha wanaonyonyesha: njiwa wanawapa watoto wao aina ya maziwa mazito yanayotoka ndani ya koo. Na si mama peke yake anayeyatoa, baba pia anayatoa. Waelezeni mabwana nyumbani!

Chozi ni yule mdogo sana anayekuja kwenye maua, mdomo mrefu mwembamba uliopinda. Dume wa aina moja ni mweusi mwenye kifua chekundu kama moto, jike ni wa kahawia tu. Wengi wanafikiri hao ni ndege wawili tofauti, kumbe ni mume na mke. Chozi akinywa utamu wa maua anabeba unga wa ua hili mpaka ua lile, na ndivyo anavyosaidia mimea kuzaa.

Mnana, fundi wa kusuka

Mwangalie vizuri mti wa ngazi ulio karibu nanyi. Ukiona vikapu vidogo vinaning'inia kwenye makuti na kelele nyingi kama soko, hao ni minana. Dume ana mwili wa manjano, kichwa cheusi na jicho jekundu. Jike ana rangi hafifu, kama majani yaliyokauka kidogo.

Dume ndiye anayejenga. Anachana jani refu jembamba, analifunga fundo kwa mdomo, anasuka. Akimaliza anajining'iniza chini ya nyumba yake, anapiga mabawa na kuita. Jike anakuja, anaingia, anakagua. Akiridhika, anatandika majani laini na manyoya ndani, halafu anataga. Asiporidhika anaondoka, na nyumba ikikaa siku nyingi bila mke, majani yake yanakauka, basi dume anaibomoa na kuanza nyingine. Mwonyeshe jambo hili mtoto wako wa kiume anayetupa daftari mara ya kwanza akikosea hesabu.

Anayeiba ni nani?

Kwenye mchanga wa ziwa, pale wamama wanapoanika ndagala, kuna wezi wawili. Kunguru wetu ni mweusi mwenye kifua na shingo nyeupe. Ni mwerevu, anangoja ugeuke. Mwewe ni wa kahawia, mdomo wa manjano, na mkia wake umegawanyika kama uma. Akiruka anageuza mkia huo huku na huku kama mwendesha mtumbwi anavyogeuza kasia. Mwewe ndiye anayeshuka ghafula kuchukua kifaranga.

Msimchanganye na furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe, kifua cheupe na mkia mweupe, anayelia kwa nguvu juu ya ziwa akitupa kichwa nyuma. Huyo ni mvuvi, riziki yake kubwa ni samaki. Kumpiga furukombe kwa kosa la mwewe ni kumfunga jirani kwa wizi wa mtu mwingine.

Dawa ya mwewe si jiwe. Waweke vifaranga katika majuma yao ya kwanza chini ya kikapu kikubwa au wavu, ama karibu na kichaka ambapo mama kuku anaweza kuwaficha. Na ndagala wakifunikwa wavu, kunguru atakwenda kutafuta pengine.

Bundi si mchawi

Sasa tufike kwa yule niliyemtaja mwanzo. Bundi wa darini ana uso mweupe wenye umbo la moyo, mwili wa rangi ya dhahabu na kijivu juu, mweupe chini. Anaruka bila sauti, kwa sababu manyoya yake ni laini sana. Halii "hu-hu" kama bundi wengine, anatoa sauti kali ya kukwaruza, kama kelele ya mtu aliyeshtuka. Ukiisikia saa saba ya usiku, na mtoto ana homa ndani, moyo unaruka. Sitamcheka mama yeyote kwa hofu hiyo.

Lakini tunajua sote kinachofuata. Asubuhi watu wanauliza: nani ametuma bundi? Na kidole hakielekei kwa mwenye nguvu. Kinaelekea kwa bibi mjane wa pembeni, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi, asiye na mtoto wa kumtetea. Bundi anauawa kwa mawe, na bibi anaanza kuogopa kutoka nje.

Basi tuulize maswali yetu matano. Bundi ana mdomo wa ndoano, maana yake ni mla nyama. Nyama gani? Hapo chini ya mahali anapolala, utakuta madonge madogo meusi. Si kinyesi. Bundi anameza panya mzima, halafu anatapika mifupa na nywele zilizofungamana. Vunja donge moja kwa kijiti, utaona fuvu la panya na meno yake. Amekuja lupango kwako kwa sababu kuna panya, na panya wapo kwa sababu kuna mahindi na mihogo mikavu. Ni kazi ileile ya paka, ila anaifanya usiku akiwa na mabawa.

Na mtoto mwenye homa? Mpeleke kituo cha afya upesi apimwe malaria. Saa zinazopotea kumtafuta mchawi ndizo zinazoua.

Wageni kutoka mbali

Kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi mpaka wa nne, tazameni nyaya za umeme na juu ya maji: mbayuwayu mwenye koo jekundu-kahawia, mgongo wa buluu nzito na mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Huyo ni mgeni, amezaliwa Ulaya au Asia. Uzito wake ni kama gramu 20 tu. Mwezi wa tano mwaka 1911, mtu mmoja wa Staffordshire, Uingereza, alimvisha mbayuwayu pete ndogo mguuni. Mwezi wa 12 mwaka 1912 ndege huyo alipatikana Natal, Afrika ya Kusini. Hivyo watu wa Ulaya wakajua kwa hakika ndege wao wanakwenda wapi wakati wa baridi.

Huko Uingereza, wanawake walifanya kazi kubwa ya kulinda ndege. Mwaka 1889 Emily Williamson alikusanya wenzake karibu na Manchester, kwa sababu ndege waliuawa kwa wingi ili manyoya yao yapambe kofia. Waliapa kutovaa manyoya hayo. Kikundi hicho cha wanawake kikakua kuwa shirika kubwa la taifa, na mwaka 1921 ikatoka sheria ya kuzuia manyoya hayo kuingizwa nchini. Tangu 1979, kila mwezi wa kwanza, familia nyingi za huko zinakaa saa moja kuhesabu ndege wa bustani zao. Ilianza kama kazi ya watoto.

Kazi ya juma hili

Nasi tunaweza. Chagueni asubuhi moja, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa moja. Mtoto akae kimya na daftari, aandike kila ndege: ukubwa, rangi, mdomo, mwendo, sauti. Halafu amwulize bibi au babu jina lake kwa Kiholoholo, Kitabwa, Kitumbwe, Kiluba au Kibembe. Majina hayo yanapotea pamoja na wazee, na mtoto ndiye wa kuyaandika.

Maneno mawili ya tahadhari. Ndege aliyekutwa amekufa au mgonjwa asishikwe kwa mikono, wala asiingie chunguni. Na manati yakae chini wakati huu wa kutazama: ndege mama akipigwa, wadogo walio kiotani wanaweza kufa kwa njaa, na hakuna mtoto wetu anayekusudia hilo akijua.

Leteni madaftari kwenye mkutano wetu ujao. Tutalinganisha kata ya Lac, ya Lukuga na ya Kalemie, tuone wapi kuna ndege wengi. Na kama bundi yuko katika lupango fulani, mwenye nyumba atuletee donge moja ndani ya karatasi, tulivunje mbele ya wote.