Zawadi Iliyomtoa Mfalme Nyumbani

Jioni katika mitaa ya Bunia utaona vijana wameinama juu ya ubao wa dame, wanacheza kwa vifuniko vya chupa. Mchezaji mjanja anamlisha mwenzake kete moja kwa makusudi, halafu yeye anakula tatu. Watazamaji wanapiga kelele!

Basi, hila hiyo iko pia katika sataranji, ila kule mtego unaweza kumalizika baada ya hatua ishirini. Wala tusiseme ni mchezo wa Wazungu. Kwa jirani zetu Uganda, katika mtaa wa Katwe, Kampala, mwalimu Robert Katende aliwafundisha watoto maskini. Mmoja wao, Phiona Mutesi, aliichezea nchi yake katika Olimpiki ya sataranji mwaka 2010.

Mizani ya kompyuta

Kompyuta inachezaje? Kwanza inapima, sawa na mnunuzi wa dhahabu. Askari ana pointi 1, farasi 3, ngome 5, malkia 9. Kisha inajaribu njia nyingi za mbele. Deep Blue, kompyuta iliyomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mwaka 1997, ilichungua nafasi karibu milioni 200 kwa sekunde moja! Lakini kila njia inazaa njia nyingine nyingi. Kwa hiyo mashine za wakati ule zililazimika kusimama mahali fulani na kupima kilichopo. Yaliyofichwa mbele ya hapo hazikuyaona.

Ngome mbili

Januari 1999, huko Wijk aan Zee, Uholanzi, Kasparov alicheza na Veselin Topalov wa Bulgaria. Katika hatua ya 24 Kasparov, mwenye kete nyeupe, alichukua ngome yake akala askari aliyelindwa. Yaani alitoa 5 ili apate 1. Mizani ingesema: hasara!

Topalov akaila ngome ile. Papo hapo ngome ya pili ikaruka kumtisha mfalme wake, ikasimama mahali ambapo malkia mweusi angeweza kuila. Kama angeila, mfalme angefungwa baada ya hatua chache tu. Topalov akaliona hilo, akamkimbiza mfalme, tena mfalme huyo akala farasi njiani. Sasa Kasparov amepoteza ngome na farasi, naye amepata askari wawili tu.

Lakini mtazame huyo mfalme! Ametoka nyumbani kwake. Anafukuzwa ubao mzima, mpaka kwenye mstari wa mwisho kabisa, upande wa adui. Ngome yake moja imekaa pembeni muda wote bila kumsaidia, nayo mwishowe ikaliwa. Hatua ya 44 Topalov akakubali kwamba ameshindwa.

Je, ilikuwa lazima kupokea?

Hapa ndipo penye fundisho. Wachambuzi walirudia mchezo huo mara nyingi. Programu za leo, kama Stockfish, nazo zinaona mbali kuliko mashine za mwaka ule. Jibu ni hili: Topalov hakulazimika kuila ngome ya kwanza. Angemsogeza mfalme nyumba moja tu na kuiacha ile zawadi, mchezo ungebaki karibu sawa kwa sawa.

Katika dame sheria inakulazimisha kula. Katika sataranji una ruhusa ya kukataa. Kasparov alipata ushindi kwa sababu alihesabu mbali kabla ya kutoa, na mwenzake akapokea kabla ya kuuliza: kwa nini ananipa?

Vijana wa machimbo, swali hilo mnalijua vizuri. Shimo halijatoa kitu, na tayari mtu amewaletea chakula, vyombo na pesa. Si kila anayesaidia ana nia mbaya, na pengine bila yeye kazi haianzi. Lakini kabla ya kunyoosha mkono, kaeni pamoja muhesabu hatua za mbele. Dhahabu ikitoka, ni nani atakayeinunua? Kwa bei ya nani? Na isipotoka, deni litabaki juu ya nani?