Kamera Iwatazame Vijana, Si Kioo Chao

Juma hili ninajibu swali nililoulizwa na vijana wa kwetu Kamachumu, wilayani Muleba. Vijana hao wana timu ya gemu. Hushindana kwa ule mpira wa kwenye televisheni, ambao wenyewe bado wanauita FIFA ijapokuwa watengenezaji waliacha kulitumia jina hilo mwaka 2023. Sasa wanataka kutengeneza filamu ya hali halisi juu ya timu yao, bila shirika wala mfadhili. Wanauliza: tuanzie wapi?

Najua wako wazee watakaoguna. Watasema gemu ni ndugu wa kamari, na kahawa shambani itachumwa na nani? Lakini mwaka 2023, katika Michezo ya Bara la Asia iliyofanyika Hangzhou, China, gemu zilishindaniwa kwa medali za dhahabu kama riadha, na mpira huo wa kwenye kioo ulikuwa mmojawapo. Sisemi kila kijana wa Kamachumu atatajirika. Nasema anastahili kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Filamu yaweza kumpa nafasi hiyo, na filamu hiyohiyo, ikitengenezwa ovyo, yaweza kumchafulia jina kijijini kwake.

La kwanza, msipige picha kioo tu. Asiyeujua mchezo akitazama kioo huona rangi zinakimbizana, basi. Igeuzeni kamera. Ionyeshe vidole kwenye pedi, mdomo unaong'atwa dakika za mwisho, mama anayeita kutoka jikoni, na umeme unaokatika timu ikiongoza. Isitoshe, picha za ndani ya gemu zina mwenyewe, na nyimbo zake zina wenyewe wengine. Ukiuza filamu iliyojaa mali ya watu bila ruhusa, utadaiwa.

La pili, onyesheni adui asiyeonekana. Mchezo wa mtandaoni huendeshwa na kompyuta kubwa iitwayo seva. Tuseme seva iko Frankfurt, Ujerumani. Kutoka Kamachumu ni zaidi ya kilomita 6,000, hata ukipima kama anavyoruka ndege. Mwanga ndani ya nyaya za mawasiliano husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo amri ya kidole, kwenda na kurudi, haiwezi kuchukua chini ya sehemu 60 kati ya 1,000 za sekunde. Nazo nyaya hazikunyooka. Hupinda nchi kavu na kupita chini ya bahari, na muda huongezeka. Kijana wa Kamachumu hubonyeza mapema, lakini mpira hupigwa kwa kuchelewa. Mwenzake aliye jirani na seva hana mzigo huo. Wekeni kamera moja ipate kidole na kioo kwa pamoja, kisha mpunguze mwendo wa picha. Hapo hata bibi asiyejua gemu ataona mtoto wake anashindana na nani.

La tatu, hesabuni muda. Filamu ya Kimarekani iitwayo Hoop Dreams, ya mwaka 1994, ilikusudiwa kuwa ya dakika 30 tu, juu ya vijana wawili wa Chicago wacheza mpira wa kikapu. Watengenezaji wake waliwafuata kwa karibu miaka mitano, wakapata picha za saa 250 hivi, na filamu ikaishia kuwa ya karibu saa tatu. Ninyi mkipiga picha saa nne tu kila juma, mwaka ukiisha mtakuwa na saa 208. Kuzitazama tu, saa sita kwa siku, ni siku 35, na bado hamjakata hata kipande kimoja. Basi andikeni kila jioni mlichopata. Na hifadhini picha mahali pawili, nyumba mbili tofauti.

La nne ni sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza, lakini asiposikia maneno huondoka. Mvua ya kwetu juu ya bati haina huruma. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola kina faida kuliko kamera mpya.

La tano ndilo zito: ruhusa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kupiga picha, hivyo waoneni Bodi ya Filamu mapema. Lakini kibali cha serikali hakitoshi. Kamachumu huingii nyumbani kwa mtu ukatoa kamera. Unakaa, unapewa kahawa ya kutafuna, unasema wewe ni mtoto wa nani na umefuata nini. Aliye chini ya miaka 18, aridhie mwenyewe na mzazi wake pia.

Kwa nini nasisitiza? Tukumbuke filamu ya Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, aliyoitengeneza Hubert Sauper wa Austria juu ya biashara ya sangara jijini Mwanza, kwenye ziwa hilihili letu. Ilisifiwa Ulaya, ikafika hadi kwenye mchujo wa tuzo za Oscar. Hapa nchini, mwaka 2006, Rais Kikwete aliilaani hadharani. Kila mtu na upande wake. Ila wakati wakubwa wakibishana, waliobaki na majirani zao ni wale waliokuwa mbele ya kamera.

Kwa hiyo, vijana wangu, kabla ya kuipeleka filamu popote, itandikieni shuka ukutani palepale kijijini. Wazazi waione, wabishe, waseme kipi kinawadhalilisha. Na kama itaingiza fedha, mgawo uandikwe leo, wakati bado hakuna cha kugombea. Mgeni akichelewa kuwatangaza, msimngoje. Mwenye jambo ndiye ajuaye uchungu wake.

Tuonane juma lijalo.